Susu, maua ya mlimani na nakala za akiba

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaandikia juu ya kumbukumbu inavyoliwa na PostgreSQL, nikaahidi sehemu ya pili wiki iliyofuata, kisha kimya. Sehemu ya pili itakuja, nimeshaianza. Leo nina habari ya maua. Ndiyo, maua. Wale mliokuja kutafuta msimbo nivumilieni kidogo, kwa sababu seva zitaingia tu huko mbele. Haziniachi.

Niko nyumbani Kilungu, kwa Susu. (Kwa wasio Wakamba: susu ni nyanya.) Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa unakunja Salama, kisha unaanza kupanda kuelekea Nunguni. Masikio yanaziba, na kila unapogeuza macho unaona matuta ya kuzuia mmomonyoko, moja juu ya lingine, mpaka karibu na kilele. Mtu akisikia Ukambani anafikiria ukame, mibuyu na vumbi. Aje hapa mwezi wa Julai. Ukungu unashuka alfajiri na siku nyingine hauinuki mpaka saa sita. Susu anavaa sweta mbili, analeta kiti karibu na moto na kuisema vibaya mifupa yake. Baridi hiyo ndiyo iliyonidanganya.

Kabla ya kurudi nilikuwa Nairobi, kwenye kampuni ambayo sitaitaja. Mmoja wa timu yetu alifanyia kazi Innsbruck, Austria. Kila mwaka theluji ya kwao ilipoanza kuyeyuka alikuwa akitutumia picha. Theluji chafu upande mmoja, jiwe la kijivu upande mwingine, na katikati, kwenye ufa wa jiwe, kimmea cha majani manene kama kimepakwa unga, na juu yake kichala cha maua ya njano. Primula auricula. Sisi tulikuwa tumekaa tukisubiri majaribio ya programu yamalizike, nje matatu zinapiga honi, na mimi nikawa nakodolea macho ua lililoota juu ya jiwe tupu. Sijui nieleze vipi. Nilikitaka kimmea kile.

Hoja yangu ilikuwa hivi: jiwe, baridi, mlima. Si ndiyo Kilungu hiyo? Nikaomba kibali cha KEPHIS cha kuingiza mbegu, nikalipa, mwenzangu akashughulikia cheti cha afya ya mimea upande wake, na bahasha ikafika. Tafadhali msipitishe mbegu mifukoni. Magonjwa ya mimea husafiri hivyo hivyo. Ndani mlikuwa na mbegu ndogo mno, ukipiga chafya umezipoteza.

Mbegu za primula za milimani zinataka baridi kwanza ndipo ziamke, kwa sababu kwao hulala chini ya theluji. Nikazichanganya na mchanga wenye unyevu, nikazifunga kwenye mfuko na kuziweka ndani ya friji nyuma ya maziwa, majuma sita. Tuliyeishi naye akauliza kama ile ni dawa ya mganga. Nilipozitoa na kuzipanda, 14 zilichipua. Kwa mtu ambaye hajawahi kupanda hata sukumawiki, nilijiona profesa.

Sasa seva. Alhamisi moja usiku nilikuwa nafuta data ya majaribio. Nilikuwa na madirisha mawili ya amri, moja la seva ya majaribio, lingine la seva ya kweli, na yote mawili yalikuwa meusi yenye herufi nyeupe. Mnajua linalofuata. Nilibonyeza, nikaona idadi ya safu zilizofutwa, na idadi ile ilikuwa kubwa kuliko data yote ya majaribio. Tumbo likaniuma kabla kichwa hakijaelewa.

Tulikuwa na nakala tatu za hifadhidata ile, kwenye seva tatu, na tulijivunia sana jambo hilo. Moja ikianguka, nyingine inashika kazi. Lakini nakala za namna hiyo kazi yake ni kufanana. Mama akifuta, watoto wanafuta. Kwa muda usiozidi sekunde moja tukawa na nakala tatu za utupu. Na ile nakala ya akiba halisi, inayoandikwa kila usiku kwenye diski nyingine, tukagundua ilikuwa imeshindwa kuandikwa kwa wiki 11 kwa sababu diski ilijaa, na barua pepe za onyo zilikuwa zikienda kwa mtu aliyeacha kazi zamani. Data ya wiki 11 ya watu wengine haikupatikana tena.

Sikufukuzwa usiku ule. Ilichukua mwezi na vikao vitatu. Sitaki kuonyesha kwamba nilionewa; kidole kilichobonyeza ni changu. Nilipanda gari la Nunguni nikiwa na begi, kipakatalishi na trei ya primula 14 mapajani, na kondakta akanitoza nauli ya mzigo.

Nikazipanda nyuma ya jiko, pale kivuli kinapokaa siku nzima, kwenye kokoto nilizokusanya mwenyewe bondeni. Zilikua. Zilitoa majani mazuri, na hata ule unga ukaonekana. Ua halikutoka. Julai ikapita na baridi yake, nikasema sasa, Agosti, Septemba, bado. Nilikuja kuelewa polepole kwamba baridi ya Kilungu ni ya kumsumbua binadamu tu. Haigandishi maji. Primula ile hulala kabisa wakati wa kipupwe cha kwao, halafu mwanga unaporefuka na theluji kuondoka inajua kumekucha. Hapa tuko digrii mbili hivi kusini mwa ikweta. Siku ya Januari na siku ya Juni zinakaribiana kama mapacha. Kimmea changu hakikuambiwa lala wala hakikuambiwa amka.

Susu alikuwa akinitazama kila asubuhi nikiinama pale na kikombe cha maji.

"Mume wangu," akaniambia (kwetu nyanya humwita mjukuu wake wa kiume mume wake, kisha anakudai sukari kama mke), "hivyo vitu vyako vinangoja nini?"

"Vinangoja theluji, Susu."

"Basi vitangoja sana."

Mvua ya Novemba ikazimaliza. Udongo wenye joto na maji shingoni, primula ya Alps haiwezi kuvumilia. 11 zilioza kwa siku kumi, ukizigusa zinatoka mkononi bila mizizi. Tatu zilizobaki zilikufa kwenye kiangazi kilichofuata. Nilizifukia kwenye shimo la mbolea bila hotuba.

Siku hiyo hiyo, au labda kesho yake, nilikuwa nimekaa sebuleni nimenuna, Susu akasema bila kugeuka, "Kama shida yako ni ua la mahali pa baridi, si lile pale dirishani?"

Dirishani kulikuwa na mkebe wa Kimbo. Umekuwa pale tangu nikiwa shule ya msingi. Ndani yake mna mmea wa majani ya mviringo yenye manyoya kama sikio la sungura, umejipanga duara kama primula walivyojipanga, na katikati vichala vya maua ya zambarau yenye kiini cha manjano. Nilikuwa nimeuona kila likizo kwa zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuuangalia. Shangazi aliwahi kufanya kazi hotelini Nairobi, akaja na jani moja lililofungwa kwenye kitambaa chenye maji. Susu alilichomeka kwenye mchanga. Mkebe ulipochakaa alichukua jani lingine akaanza upya. Jani la jani la jani.

Nikapiga picha, nikatafuta. Ni saintpaulia. Wajerumani huliita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Waingereza wanaliita urujuani wa Afrika, ingawa halina undugu na urujuani, na kwa Afrika nzima linaota mwituni katika nchi mbili tu: Tanzania na Kenya. Milima ya Usambara, Uluguru, Nguru, miamba michache ya pwani, na Taita. Taita! Kutoka Salama ukishika barabara ya Mombasa, unapita Emali, Kibwezi, Mtito Andei, ukifika Voi umefika miguuni pa milima hiyo. Nililipia cheti cha mbegu za Austria na ua la mlimani la jirani lilikuwa linanitazama kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia.

Safari ya ua hili ilinipotezea usiku mzima wa kusoma. Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alipeleka kielelezo Kew mwaka 1884. Mwaka 1887 kikaenda kingine kutoka upande wa Giriama na Shimba, kutoka kwa Mchungaji W. E. Taylor. Ndiyo, Taylor yule yule wa Mombasa aliyekusanya methali za Kiswahili. Kumbe akitoka kwenye methali aliingia kwenye majani. Vielelezo vyao havikutosha kulipa ua jina. Jina lilitoka mwaka 1893. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya Tanga wakati wa Wajerumani, alikuwa amempelekea baba yake, na baba akamfikishia Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, ambaye aliliita Saintpaulia ionantha. Kisha katika miaka ya 1920 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles ikaotesha mbegu kutoka Ulaya, ikachagua mimea kumi tu iliyowapendeza, na aina nyingi mno za dirishani zilizofuata zilitokana na hiyo kumi. Baadaye likarudi Afrika Mashariki kwenye vyungu vya hoteli na maduka makubwa, lina kibandiko cha bei na maelezo ya Kiingereza, kama mgeni.

(Mwaka 2015 wataalamu walisoma DNA wakaamua saintpaulia zote ziingizwe kwenye jenasi ya Streptocarpus. Mnaoandika programu mnajua hisia hiyo: mtu amebadilisha jina la maktaba na hakuwaambia wanaoitegemea. Mimi naendelea na jina la zamani.)

Basi nikaanza kuotesha. Kwa mnaotaka kujaribu, na nawashauri mjaribu, chukueni jani la duara la katikati, si lile zee la chini wala changa la juu. Acheni kikonyo cha urefu wa sentimita tatu au nne, mkikate mshazari kwa wembe safi. Mchanga mchafu wa mtoni uoshwe, uchanganywe na udongo wa majani yaliyooza. Jani lichomekwe kidogo tu, mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga juu yake, mahali penye mwanga lakini si jua la moja kwa moja. Baada ya wiki tatu au nne kuna mizizi. Baada ya miezi miwili au mitatu vijani kama masikio ya panya vinajitokeza kwenye shina la jani la mama. Ua la kwanza litachukua zaidi ya nusu mwaka, kwa hiyo kama huna subira panda dania.

Makosa yangu mniepushe nayo. Nilinyunyizia majani maji baridi kutoka tangini asubuhi, yakapata madoa ya pete ambayo hayatoki tena. Maji yapitishwe chini, kwenye sahani, chungu kiyanywe chenyewe kwa nusu saa kisha umwage yaliyobaki. Na yasiwe ya chumvi. Kisima cha kule chini kwetu kina chumvi ambayo ukichemshia chai unaionja, na mikebe miwili niliyoipa maji yale ilikunja majani na kugoma. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ndiyo yanayofaa. Hapo nikagombana na Susu, kwa sababu mwezi wa Septemba maji ya bati yamebaki chini ya tangi, na kuna kuku, kuna ndama, kuna chai. Tulikubaliana: kikombe kimoja kwa siku mbili, mikebe yote. Anakipima yeye.

Baridi ya Julai ndiyo tatizo lingine. Joto likishuka chini ya digrii 15 mmea unazubaa, na usiku wa Julai hapa unashuka zaidi ya hapo. Natoa mikebe dirishani jioni, naiweka kwenye rafu ukutani. Halafu Septemba inafika, ukungu unaachia, jua linaingia kwenye dirisha la mashariki saa moja na nusu asubuhi, na saintpaulia zote zinasukuma vichala kwa pamoja. Mvua bado, shamba jekundu, ng'ombe wanalia, na dirishani kumejaa zambarau. Mwenzangu wa Innsbruck ana Aprili yake. Mimi nimepata Septemba.

Nilianza kuziangalia kwa karibu, na hapa ndipo kichwa changu cha sayansi ya kompyuta kilipofurahi. Angalieni ua moja. Lina vifuko viwili vya manjano vyenye chavua, na kijiti cha kike kinachopokea chavua. Kijiti kile hakikai katikati. Kimepinda upande. Angalieni ua la jirani kwenye mmea ule ule: kimepinda upande wa pili. Kushoto, kulia, kulia, kushoto. Biti moja ndani ya kila ua! Na primula nazo zina jambo lao la namna hiyo. Mmea mmoja una maua yenye kijiti kirefu kinachofika mdomoni mwa ua na vifuko vya chavua chini. Mwingine kinyume chake, vifuko juu na kijiti kifupi. Charles Darwin aliliandikia hilo mwaka 1862. Faida ni ile ile: mdudu akichafuka chavua mahali fulani mwilini anaipeleka kwenye ua la aina ya pili, si lile alilotoka. Mimea miwili isiyojuana, mabara mawili, na zote zimetafuta njia ya kutojioa.

Susu ana mtoto wa jicho, anaona rangi lakini haoni vitu vidogo. Nikapiga picha, nikazikuza kwenye kipakatalishi mpaka ua moja likajaza kioo, nikamwonyesha mawili kando kwa kando. Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akakaa kimya.

"Huyu anatazama huku, yule kule," akasema. "Kama wake wenza wamegombania jiko."

Miaka yote ameliotesha ua hili na hakuwahi kuliona ndani. Aliniomba nimwonyeshe tena kesho yake, na siku iliyofuata.

Swali lililofuata ni lake. Mbona halijawahi kuzaa mbegu? Jibu ni kwamba vile vifuko vya manjano vimefungwa. Vinatoa chavua pale nyuki wa mwitu anapovishika na kuvitetemesha kwa misuli yake ya kurukia bila kuruka. Dino Martins, mtafiti wa wadudu wa hapa Kenya, alichapisha mwaka 2008 aliyoyaona kuhusu uchavushaji wa ua hili kule Taita. Sebuleni kwa Susu hakuna nyuki wa namna hiyo, na kwenye madirisha ya dunia nzima hakuna. Ndiyo maana watu wanaotesha kwa jani. Na jani linazaa mmea ule ule. Mkebe wa Susu, na ule aliompa mama mchungaji, na ule wa mwalimu wa shule ya chini, kwa urithi ni mmea mmoja uliokaa nyumba tatu.

Hapo nilisimama. Nimeshakuwa mahali penye nakala nyingi zinazofanana, na najua zinavyokufa kwa pamoja. Saintpaulia imeenea duniani, kwenye mamilioni ya madirisha, mtu angedhani ni ua lililo salama kuliko yote. Lakini tofauti zote, zile zinazostahimili baridi, zile zinazopenda jiwe la chokaa, zile zenye kinga ambayo hatujaihitaji bado, haziko madirishani. Ziko kwenye seva ya asili, na seva hiyo ni vipande vya msitu Tanga, Morogoro na Taita.

Nilikwenda Mbololo mwezi wa Februari, basi mpaka Voi, kisha matatu, kisha miguu na mzee mmoja wa Ronge anayeufahamu msitu. Saintpaulia ya pale, teitensis, ilipewa jina na B. L. Burtt mwaka 1958. Haijulikani kuota mwituni mahali pengine popote. Ni mlima ule mmoja. Msitu wa asili uliobaki juu yake ni kama hekta 200. Unapanda katikati ya mahindi na migomba, jua linakuchoma shingo, kisha unaingia chini ya miti na ni kama mtu amefungua friji.

Mzee alisimama mbele ya mwamba wenye unyevu. Sikuona kitu. Akaelekeza kwa kidole bila kugusa. Majani yenye manyoya, yamekaa kwenye ufa wa jiwe, kwenye udongo usiojaza kiganja. Kulikuwa na ua moja tu, la zambarau hafifu. Niliinama: limepinda kushoto.

Nitasema ukweli. Mkono wangu ulikwenda. Jani moja, nilifikiri. Mmea una majani kumi na mawili, hautasikia. Nitaliotesha Kilungu, nitatengeneza nakala ya akiba. Mimi, niliyepoteza data ya watu, si ndiye ninayefaa kuweka akiba? Vidole vyangu vilikuwa vimeshika kikonyo tayari, nilikihisi kilivyo laini na chenye baridi. Mzee hakunizuia. Alikuwa ameangalia juu, kwenye miti. Kisha akasema, kama anayezungumza habari ya mvua, kwamba pale chini kulikuwa na mwamba mwingine wenye maua haya alipokuwa kijana, na kwamba hakuna aliyeyachuma. Miti iliyoufunika ilikatwa. Jua likaingia, jiwe likakauka.

Nikaachia. Jani moja ni nakala ya mmea mmoja. Akiba ya kweli ya mlima ule ni mbegu kutoka mimea mingi, zilizokusanywa na watu wenye kibali na mahali pa kuzitunza, na hata hiyo haitoshi bila kivuli kile na unyevu ule. Nilikuwa karibu kufanya kosa la Alhamisi kwa mara ya pili, safari hii nikijisifu.

Nilimwuliza mzee nifanye nini basi. Akacheka. Akasema nikirudi nije Novemba, kuna siku wanapanda miche ya kienyeji pembeni mwa msitu, mikono haitoshi. Nilikwenda. Mgongo uliniuma wiki nzima.

Siku hizi nina kazi ndogo ya mbali, natunza kumbukumbu za chama kimoja cha ushirika. Kila Ijumaa narudisha nakala ya akiba kwenye mashine tupu na kuhesabu safu moja moja, na madirisha yangu ya amri ya seva ya kweli ni mekundu kama pilipili. Mwenyekiti anadhani nina wazimu.

Na nina jaribio. Sokoni Nairobi nilinunua saintpaulia nyeupe, ili iwe ya pili mbali na ya Susu. Kwanza niliandika programu ya kutetemesha simu, nikaigusisha kwenye ua nikijifanya nyuki. Chavua haikutoka, Susu alicheka mpaka akakohoa. Nikatumia sindano, nikapasua kifuko, nikapaka chavua ya nyeupe kwenye kijiti cha ile ya mkebe wa Kimbo. Maua sita niliyajaribu, moja limeshika. Ganda lake sasa lina miezi minne, limenenepa, bado kijani. Likikauka litakuwa na mbegu ndogo kuliko zile za Austria, na hakuna hata moja itakayokuwa nakala ya Susu wala ya yule wa sokoni.

Susu analigusa kwa ncha ya kidole kila asubuhi, kwa kuwa halioni vizuri. Jana alinionya nisilifungue kabla ya wakati wake. Leo mchana mawingu yamejikusanya na kuku wamejibanza chini ya ghala, naona itanyesha. Naenda kusafisha mfereji wa bati na kuweka pipa chini yake.